Mgeni Atalala Wapi? Mwongozo wa Kuipatia Cherehani Chumba Chake

Nyumba nyingi za Kampala zina chumba kinachotunzwa kwa ajili ya mtu asiyekuja. Kitanda kimetandikwa shuka nzuri kuliko za wenye nyumba, dirisha limezibwa kwa pazia zito, na mlango hufunguliwa wakati wa kufagia tu. Mgeni mwenyewe huja mara moja kwa mwaka, Krismasi au Idi, akalala usiku mmoja, akaondoka akilalamikia godoro. Mwenye kushona naye, yule ambaye ada ya shule inatoka kwenye mikono yake, amebanwa kwenye pembe ya meza ya kulia, kati ya chupa ya chai na daftari la hesabu la mtoto wa darasa la tano. Ikifika saa mbili usiku anaambiwa aondoe vitambaa vyake, watu wale.

Mwongozo huu ni wa kumtoa mgeni na kuiingiza cherehani. Wageni nawapenda. Wanaoshona nawapenda zaidi.

Anza kwa ukaguzi. Jumamosi asubuhi chukua daftari, pita chumba kwa chumba, na katika kila kimoja uliza: juzi na jana nani alikaa humu, na alifanya nini? Usikubali kujibiwa kwamba hiki ni cha heshima. Sebule ndiyo itakayotoa aibu kwanza. Kuna makochi saba katika nyumba ya watu wanne, kila kochi limevishwa kitambaa cha kufuma alichokileta mama mkwe. Kuna kabati lenye glasi za harusi ambazo hazijapata kutiwa maji. Picha za mahafali ya Makerere zimepanda ukutani hadi karibu na dari. Halafu ipo meza ya kulia yenye viti sita, ambayo kila mtu huipa mgongo ili ale na sahani magotini akitazama taarifa ya habari. Andika yote. Ukimaliza utakuwa na orodha ya samani zinazoishi vizuri kuliko wewe, na hiyo ndiyo hoja yako ya kwanza kwenye kikao cha familia.

Kikao hakiepukiki, kwa sababu ugumu wa kazi hii hauko kwenye kuhamisha kitanda. Chumba cha wageni kinalindwa na watu wasiokaa ndani ya nyumba, na mkuu wao ni shangazi. Kwa Baganda ssenga ana neno zito katika nyumba ya mtoto wa kaka yake, na habari ya kitanda kuhamishwa itamfikia kabla kitanda hakijafika uani. Atapiga simu. Usijitetee, mjibu hivi:

"Mwanangu, nasikia umekitoa kitanda cha wageni. Mimi nikija nitalala wapi?"

"Shikamoo shangazi. Utalala chumbani kwangu, mimi nitalala na watoto. Na gomesi yako ya sherehe ya kwanjula nitaishona ukiwa umekaa pale pale, uijaribu kabla hujarudi kijijini."

Sijaona bado shangazi aliyelishinda jibu hilo.

Mume, au mke kama anayeshona ni baba wa nyumba (na mafundi wanaume mjini ni wengi), hashawishiwi kwa maneno matamu. Mwekee mbele daftari la kazi. Upande mmoja andika pesa zilizoingia kwa cherehani mwezi uliopita: sare mbili za shule, suruali za kupunguza, magauni ya kitenge, zipu za kubadilisha. Upande wa pili andika pesa zilizoingia kwa chumba cha wageni. Kisha nyamaza, umwache asome.

Atakayesema kwamba umeshona miaka yote mezani bila shida, mkumbushe mwaka 2020. Machi ya mwaka ule serikali iliposimamisha biashara zisizo za chakula masokoni kwa sababu ya korona, wako mafundi wa soko la Owino na wa vichochoro vya Kiyembe waliobeba cherehani zao wakaenda nazo nyumbani. Baadaye barakoa zikawa lazima, na nyingi kati ya zile za kitenge tulizozivaa zilishonwa kwenye vyumba vya kulala na kwenye meza za kulia, watoto wakiwa miguuni kwa sababu shule nazo zilifungwa. Mji ulipofunguliwa, kuna waliorudi, na kuna waliopiga hesabu ya kodi ya mjini wakaamua kubaki nyumbani. Hao bado wako mezani. Tulikubali meza wakati ule kwa sababu ilikuwa dharura, na dharura ya mwaka ule imekwisha zamani. Kumwacha mtu anayefanya kazi ya kudumu katika mpango wa dharura ni kumdharau, hata kama anayemdharau anamwita mpenzi.

Sasa chagua chumba, na chagua kwa macho. Vitabu vya ushonaji vinavyotoka Ulaya vinasifu dirisha linalotazama kaskazini, kwa kuwa kule jua halipiti upande huo. Kampala iko kama kilomita 35 tu kaskazini mwa ikweta, na jua letu halifuati vitabu hivyo: Juni hupita upande wa kaskazini, Desemba upande wa kusini, Machi na Septemba karibu linakuwa utosini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini na la kusini yote mawili yanafaa, maana jua huwa juu na ukingo wa paa unalizuia. La mashariki ndilo baya asubuhi, maana jua huingia limelala hadi chini ya meza na kupausha satini iliyokunjwa kwenye rafu. La magharibi ni baya zaidi, kwa sababu linakupiga usoni alasiri, saa ambayo wateja wote wanakumbuka kwamba nguo yao inatakiwa kesho. Kama nyumba yako ina dirisha la magharibi tu, tundika pazia jepesi jeupe, na rafu za vitambaa ziweke kwenye ukuta ule ule wa dirisha, ambako jua halifiki.

Kuna mtihani mmoja ninaouamini kuliko ushauri wa mchora ramani yeyote. Siku ya mawingu, saa kumi jioni, simama katikati ya chumba na uzi mweusi na sindano. Ukiweza kutunga uzi bila kwenda dirishani, chumba kimefaulu. Ukishindwa, hicho kiachie mgeni, nawe jaribu sebule. Ndiyo, sebule. Mara nyingi ndiyo yenye dirisha kubwa kuliko yote, na makochi saba yamelikalia.

Sebule ina sifa nyingine ambayo chumba cha nyuma hakina, nayo ni mlango wa mbele. Mteja anayekuja kupimwa akipitia jikoni ataona sufuria zako, na kesho mtaa mzima utajua mnakula nini. Mpitishe barazani, aingie chumba cha kazi, apimwe, atoke. Wenye vyumba vya uani wana bahati hiyo bila kuvunja chochote, ila wengi wao wamevipangisha. Piga hesabu kwa uaminifu: kama kodi ya chumba cha uani ni ndogo kuliko faida ya magauni mawili kwa mwezi, mpangaji apewe taarifa mapema na kwa adabu. Banda la gari nalo ni chumba. Gari linaweza kulala nje. Na katika mabanda mengi ninayoyafahamu gari halipo, kuna magunia ya mahindi, godoro lililotoboka, na jenereta ambayo haijawaka tangu inunuliwe.

Najua wapo wasomaji wanaocheka kusikia habari za banda la gari, kwa sababu nyumba yao yote ni muzigo, chumba kimoja katika safu, kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda, huku kiti. Nyinyi ndio ninaowajali kuliko wote katika mwongozo huu, na kwenu sitasema mtenge chumba. Tengeni ukuta. Cherehani ikae kando ya mlango, kwa sababu mchana mlango ndio dirisha lenu bora. Ukuta wa pembeni yake ufungwe meza ya bawaba, inayoshushwa wakati wa kukata na kuinuliwa wakati wa kulala. Kitanda kiinuliwe kwa matofali, vitambaa vikae chini yake ndani ya masanduku. Msikatie kitambaa juu ya kitanda hata siku moja. Godoro linabonyea, kitambaa kinavutika, na gauni likivaliwa linazunguka mwilini kama bendera isiyojua upepo unatoka wapi. Sakafuni mstari utanyooka, lakini mgongo utadai malipo kabla mteja hajalipa yake. Halafu chini ya miguu ya cherehani wekeni vipande vya tairi kuukuu, lile lile wanalochongea ndala za lugabire, ili jirani wa upande wa pili wa ukuta asihesabu mishono yenu usiku.

Meza ya kukatia inastahili maneno mengi kuliko cherehani yenyewe, kwa sababu nguo huharibikia pale. Cherehani mbaya itatoa mshono mbaya, na mshono hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Nenda kwa maseremala wa Nsambya wanaopanga samani kando ya barabara ya Ggaba, au nunua mbao Ndeeba umpelekee fundi wa mtaani kwako. Mwambie unataka meza ya urefu wa mita 2, upana wa sentimita 120 ili kitenge kilale wazi kwa upana wake wote, na kimo cha kufika kwenye nyonga zako, yaani karibu sentimita 90 kwa watu wengi. Seremala atakuambia meza huwa na sentimita 75. Hiyo ni ya kulia chakula, nayo inaifaa cherehani unayoishonea ukiwa umekaa. Anayekata husimama, na anayesimama akiinama kwa saa tatu hujuta usiku.

Kama unatilia shaka mita 2, fikiria gomesi. Vazi hili, linalobeba jina la Gomes, Mgoa aliyekuwa mshonaji hapa mwanzoni mwa karne iliyopita, na ambalo masimulizi mengi yanaliunganisha na sare za wasichana wa Gayaza, shule iliyoanzishwa mwaka 1905, linakula karibu mita 6 za kitambaa. Shingo yake ni ya mraba na lazima pembe zikae sawasawa. Mabega yamechongoka, na la kushoto likizidi la kulia kwa nusu sentimita, picha ya harusi itasema. Vifungo ni viwili, upande wa kushoto wa kifua. Chini ya kiuno hufungwa kitambaa kipana, na ndani kinavaliwa kikoi, hivyo vipimo vya nyonga huchukuliwa mteja akiwa amekwisha kufunga kikoi. Nenda kwenye kwanjula yoyote, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba, iwe Mengo au Mukono, uwaangalie akina mama waliopiga magoti mbele ya wageni: kila mmoja amebeba mita zile, na mahali fulani kuna mtu aliyezinyoosha na kuzikata. Mtu huyo anastahili meza inayozitosha.

Kanzu ina shida yake, nayo ni weupe. Kampala katika miezi ya kiangazi ni mji wa vumbi jekundu, na vumbi hilo hupenda kitambaa cheupe kuliko kitu kingine chochote. Kazi nyeupe na nguo za bibi harusi zihifadhiwe ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa mdomo. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, lisitumike, maana kitambaa kinatoa jasho ndani yake na msimu wa mvua kitaota madoa ya ukungu. Rafu ya chini kabisa iwe juu ya sakafu kwa kimo cha ndoo, kwa ajili ya siku ambayo mvua ya Aprili itaingia bila kubisha hodi. Madirisha yatiwe wavu. Novemba ni msimu wa nsenene, aina ya panzi, nao hufuata taa. Nsenene ni watamu kwenye kikaango na balaa juu ya lesi ya bibi harusi.

Umeme unataka nidhamu. Pasi na cherehani zisichomekwe kwenye waya mmoja wa kurefushia umeme. Pasi hula wati 1,000 na zaidi, cherehani ndogo ya nyumbani wati 100 hivi. Waya mwembamba wa dukani ukibeba vyote viwili hupata moto taratibu, na chumba kimejaa pamba. Pasi ipewe soketi yake ya ukutani, na ubao wake ukae mbali na pazia. Anayenunua cherehani ya viwandani aulize mota yake ni ya aina gani. Mota ya klachi huzunguka muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata ukiwa unazungumza na mteja, nayo inakula Yaka, umeme wa kulipia kabla, kimya kimya. Mota ya servo huzunguka ukikanyaga tu. Tofauti ya bei itarudi. Na ile Singer au Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, urithi wa mama, usiiuze wala usiipambie sebule kwa kuiwekea chungu cha maua. Itie mafuta, ibadilishie mkanda, ikae tayari. Umeme ukikatika siku moja kabla ya harusi, hiyo ndiyo itakayokuokoa.

Taa ziwe nyeupe. Balbu ya njano itakudanganya kwamba uzi wa kahawia ni wa damu ya mzee, na asubuhi mteja atakuonyesha tofauti barazani mbele ya watu. Weka moja juu ya meza ya kukatia na nyingine karibu na sindano, upande wa kushoto kama unatumia mkono wa kulia. Giza letu huingia karibu saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo hizo taa si anasa, ni saa tatu za kazi kila siku.

Ukishahamia, chumba kinahitaji sheria, nazo zibandikwe mlangoni. Mkasi wa kitambaa hauazimwi. Hauchongi penseli, haukati karatasi, na haufungui kavera la maziwa. Inunulie nyumba mkasi mwingine wa bei rahisi, uutundike jikoni, kisha anayegusa wa fundi ajibu mashtaka. Mtoto haingii peku. Pini huokotwa kila jioni kwa sumaku ya spika mbovu, unayoweza kuipata kwa fundi redio yeyote. Bobini na vifungo vikae ndani ya kopo lenye kifuniko, juu, kwa sababu mtoto wa mwaka mmoja huonja kila kitu. Hakuna anayeweka humo mzigo "kwa muda tu", awe mume, awe shemeji. Mzigo wa muda katika nyumba za hapa hukaa hadi mtoto aliyeuona ukiingia amalize sekondari.

Sheria moja imhusu fundi mwenyewe. Kitambaa kilichobaki ni mali ya mteja. Kikunje, kitie ndani ya mfuko wenye jina lake, umrudishie pamoja na nguo. Akisema baki nacho, tia ndani ya gunia la mabaki, kitajaza mito. Nasisitiza hili kwa sababu sifa ya fundi hufa kwa vitu vidogo, na chumba kizuri kinaondoa kisingizio cha "kimepotea". Vivyo hivyo ahadi. Ulipokuwa mezani, nguo ilichelewa kwa kuwa watu walikuwa wanakula. Sasa hakuna anayekula humo. Ukisema Alhamisi, iwe Alhamisi.

Kioo kirefu na pazia la kona moja vinatosha kuwa mahali pa kujaribia nguo. Kioo kifike chini, mteja aone pindo.

Watu watakuuliza kama mgeni aliwahi kuja. Atakuja, na atalala vizuri tu, kwenye kochi moja kati ya yale matano yaliyobaki, maana mawili umeyauza ili kulipia meza. Jamaa wa kweli akikukuta kazini kwenye mwanga mzuri, umenyooka mgongo, atafurahi kuliko angefurahia shuka zenye harufu ya naftalini. Asiyefurahi hakuwa amekuja kukuona wewe.

Oda za kwanjula na harusi za Desemba huanza kuingia Oktoba. Seremala naye atakuambia meza itakuwa tayari Ijumaa bila kutaja Ijumaa ya mwezi gani. Kwa hiyo usingoje mwaka mpya wala kikao cha pili. Mpigie seremala leo, na shangazi mpigie kesho.